Ukimuuguza rafiki ambaye kazi yake haijaisha

Rafiki yangu alikuwa mtafiti wa korosho hapa Mtwara. Madaktari wa Taasisi ya Saratani Ocean Road walipomweleza kwamba saratani ya ini imefika mahali ambapo haiwezi tena kuondolewa, alirudi nyumbani na dawa za kutuliza maumivu, na jambo la kwanza aliloniuliza lilihusu mikorosho ya majaribio. Ulikuwa mwezi wa saba, maua yalikuwa yameanza kuchanua, na ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia maua ya mkorosho, huingia wakati huo huo.

Ndugu na majirani walisema aachwe apumzike. Kwa maoni yangu, mgonjwa mwenye akili timamu anayetaka kufanya kazi asinyang'anywe kazi yake kwa jina la huruma. Mkorosho huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuanza kuzaa, na baada ya hapo hupimwa misimu kadhaa ndipo mtafiti athubutu kusema kwamba aina fulani inastahimili ugonjwa. Msimu mmoja usipopimwa, pengo lake halizibwi na mtu yeyote baadaye, na yeye alilijua hilo kuliko sisi tuliokuwa tukimhimiza alale.

Anzeni na maumivu, kwa sababu mtu anayeumia hawezi kufikiri. Mofini ya maji, dawa ya kutuliza maumivu makali, hufanya kazi kwa takribani saa nne. Siku za mwanzo huleta usingizi, ambao kwa wengi hupungua mwili ukizoea. Muulizeni muuguzi jinsi ya kupanga saa za dawa ili mgonjwa apate muda wa utulivu asubuhi, wala msipunguze kipimo wenyewe kwa kuogopa kwamba atazoea dawa. Dawa ya kulainisha choo nayo isisahaulike, kwa kuwa mofini hufunga choo. Ni jambo dogo kulitaja, lakini linaweza kumharibia mtu siku nzima.

Katika kazi yenyewe, kilichokuwa hatarini zaidi hakikuwa kwenye kompyuta. Takwimu zilikuwepo, lakini maana ya alama alizoweka pembeni mwa daftari la shambani, na sababu ya mti fulani kuondolewa kwenye hesabu, vilikuwa kichwani mwake tu. Tulipitia daftari ukurasa kwa ukurasa, nikimuuliza na kurekodi kwa simu, kisha nikiandika majibu usiku. Alipojibu, "Hapo sikumbuki, bwana," niliandika hivyo hivyo, kwa sababu kisio lililovaa sura ya kumbukumbu lingewapotosha watakaolitegemea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mtaalamu wa kilimo, na nadhani ugeni huo ulisaidia: nilimlazimisha aeleze mambo ambayo kwa wenzake angeyaruka.

Mwajiri ashirikishwe mapema. Takwimu za utafiti wa taasisi si urithi wa familia, na mkuu wake wa kazi alipofika nyumbani walikubaliana, mgonjwa mwenyewe akiwa anasikia na kuamua, nani atasimamia miti na majina ya waandishi yatapangwaje kwenye makala ya utafiti.

Mama yake, aliyetoka Tandahimba kumuuguza, alichukizwa na makaratasi kitandani, na alikuwa na haki. Tulikubaliana kwamba baada ya adhuhuri madaftari yanafungwa na saa hizo ni za mama na ndugu. Zilikuwapo pia asubuhi ambazo hakutaka hata kusikia neno korosho. Siku hizo nilikuwa rafiki tu, tukazungumza habari za mpira na za watu wa Mikindani.

Jueni pia wakati wa kuacha. Ini likishindwa kazi, mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa: hulala mchana na kukesha usiku, husahau jambo alilolisema punde, hutaja tarakimu zisizoeleweka. Dalili hizo zikionekana, mjulisheni mhudumu wa afya, na kuanzia hapo msimwombe uamuzi wala sahihi, hata kama limebaki swali moja tu. Kwetu yalibaki maswali kadhaa. Niliyaorodhesha kama yalivyo, bila majibu, nikayakabidhi kwa wenzake pamoja na daftari na rekodi, na nakala ya pili ikabaki kwa mkuu wake wa kazi.