Katuni za utotoni: zipi zimechuja na zipi bado moto

Mleta mada umeuliza ni filamu gani za katuni tulizozipenda utotoni ambazo bado zinatazamika leo tukiwa na watoto wetu, na ukasema mwanao ana miaka mitano. Nimeona nikujibu kwa urefu, maana siku za karibuni nimezirudia nyingi nikiwa na binti yangu wa miaka saba na wapwa zangu wawili.

Sisi Tanga tulizitazama kwenye TV ya chogo, CD za kukodi, picha ikiganda katikati mpaka mtu aitoe CD aifute na fulana. Nyingine sikuwahi kuziona mwisho wake mpaka nimekuwa mtu mzima.

Ninayoiweka juu ya zote ni The Prince of Egypt ya 1998, habari ya Musa na Farao. Kila aliyeiona anakumbuka bahari ikigawanyika, na kweli hadi leo inasisimua: radi inapiga, na ndani ya ukuta wa maji unaona kivuli cha samaki mkubwa ajabu akipita pembeni ya watu wanaovuka. Utotoni nilikuwa naisubiri sehemu hiyo tu. Sasa hivi kinachonishika ni wale ndugu wawili. Musa na Rameses, ambaye baadaye ndiye anakuwa Farao, wamelelewa nyumba moja, mwanzoni wanashindana kwa magari ya farasi hadi wanaivunja pua ile sanamu kubwa ya Sphinx, na unaona kabisa kwamba wanapendana. Kwa hiyo mapigo yanapoanza kuishukia Misri, kila pigo linamuumiza Musa pia.

Usiku wa pigo la mwisho, la vifo vya wazaliwa wa kwanza, nyimbo zote zinanyamaza. Mwanga mweupe unapita nyumba hadi nyumba, unasikia pumzi tu. Mtoto mmoja aliyebeba mtungi anaingia mlangoni, na kinachoonekana tena ni mkono wake chini. Binti yangu akaniuliza, "Baba, mtoto wa mfalme alikosa nini?" Nilimwambia hakukosa kitu. Filamu yenyewe hailikimbii swali hilo: Rameses anamfunika mwanawe shuka, anamwambia Musa awachukue watu wake waende, na Musa akitoka nje anaanguka ukutani analia. Ameshinda, lakini hakuna shangwe hata kidogo. Filamu za watoto zenye ujasiri wa namna hiyo ni chache mno.

Na sauti zake, jamani. Wimbo wa mama yake Musa akikiweka kikapu mtoni uliimbwa na Ofra Haza, mwimbaji wa Israeli ambaye wazazi wake walitoka Yemeni, na aliurudia kwa lugha nyingi kwa ajili ya nchi mbalimbali. Hata ukiusikiliza bila picha unakuchoma. Niseme pia kwamba majirani zetu kadhaa Waislamu hawakuwaruhusu watoto wao kuitazama kwa sababu inachora sura ya nabii, na Malaysia na Maldives zilizuia isionyeshwe kwa hoja hiyohiyo. Kama ndio msimamo wa nyumbani kwako, iruke, zingine zipo.

The Lion King ya 1994 najua wengi mmeshaitaja humu. Haijachuja. Lile kundi la nyumbu linaloporomoka bondeni lilitengenezwa kwa kompyuta, simba wakachorwa kwa mkono, na mpaka leo huoni kiungo. Baada ya vumbi kutulia, yule mtoto wa simba, jina lake Simba, anamvuta baba yake sikio, haamki, anazunguka akiita msaada, kisha anarudi na kujisogeza chini ya mkono wake. Wapwa zangu ni watundu, hawatulii hata dakika mbili, lakini hapo walikaa kimya. Tulipowawekea ile iliyotengenezwa upya 2019 waliendelea na michezo yao. Ina picha safi kuliko zote, ila nyuso ni za simba halisi, na simba halisi hatabasamu wala hakunji uso kwa huzuni. Msiba uleule unapita kama taarifa ya habari.

Nina ugomvi mmoja na ile ya zamani, nao ni fisi, waliofanywa wabaya wa hadithi. Sisi wenye Ngorongoro yetu tunapaswa kuwaambia watoto ukweli. Mtafiti wa wanyama Hans Kruuk aliwachunguza fisi hukohuko miaka ya 1960, akaona kwamba sehemu kubwa ya chakula chao wanakiwinda wenyewe, na mara nyingi simba ndiye anayekuja kuwanyang'anya. Nilimweleza binti yangu hivyo, akawahurumia fisi filamu nzima.

Shrek ya 2001 imechuja, na najua nitabishiwa. Utani wake mwingi unategemea uwe umeona filamu nyingine zilizovuma wakati ule. Watoto wa leo hawazijui, kwa hiyo wanacheka punda tu. Toy Story ya 1995, ya kwanza ndefu kutengenezwa yote kwa kompyuta, ukimtazama mbwa na ngozi za binadamu unaona uzee, lakini wivu wa mwanasesere Woody dhidi ya mgeni aliyemchukulia nafasi yake haujazeeka hata kidogo. Hiyo mwekee mwanao bila wasiwasi.

Lakini kwa miaka mitano, mkuu, mimi ningeanza na ambayo sijaona ikitajwa kwenye uzi huu: Kirikou et la Sorcière ya 1998, ya Mfaransa Michel Ocelot, aliyeishi utotoni Conakry, Guinea. Muziki ni wa Youssou N'Dour, mwanamuziki wa Senegal, na sauti za waigizaji zilirekodiwa Dakar. Kirikou anaongea akiwa bado tumboni, anamwambia mama yake amzae. Mama anajibu kwamba mtoto anayeweza kuongea tumboni anaweza kujizaa mwenyewe. Basi anatoka, anajikata kitovu, na anataka kujua baba yake yuko wapi. Yuko uchi, ni mdogo kuliko kuku wa kijijini, na wakati watu wazima wote wanamwogopa mchawi Karaba, yeye anauliza swali moja tu: kwa nini ana roho mbaya? Anauliza kila mtu mpaka anafika kwa babu yake mlimani, na jibu linakuwa ni mwiba wenye sumu ambao wanaume walimchoma Karaba mgongoni, unaomuuma usiku na mchana.

Mtoto wa miaka mitano, ambaye kutwa nzima anauliza "kwa nini", atajiona yeye mwenyewe pale. Mtu mzima naye ataona vizuri zaidi nini kilimpata yule mwanamke. Wanawake wamechorwa vifua wazi kama mavazi ya kijiji kile yalivyo. Kuna wasambazaji walitaka wafunikwe, Ocelot akakataa. Wapwa zangu hawakulisemea kabisa.

Ukiipata, huenda itakuwa ya Kifaransa na maandishi chini. Usimwache aitazame peke yake. Punguza sauti kidogo, mpakate, umsimulie kwa Kiswahili huku picha zinakwenda. Maneno ni machache na hadithi inakwenda taratibu, kwa hiyo muda wa kusimulia upo, hata ule wa kusimamisha akuulize maswali yake.