Dunford ni bingwa? Inategemea mnauliza nini

Juma hili mmetuomba tupige kura kama mwogeleaji wetu Mkenya, Jason Dunford, anastahili kuitwa bingwa ilhali hana medali ya Olimpiki. Nilijua mapema majibu yatakayomiminika: ni mzungu, kasomea Stanford, chuo kikuu cha Marekani, kuogelea ni mchezo wa wenye pesa. Hayo ndiyo yaliyonikera.

Turudi Olimpiki ya Beijing, Agosti 2008. Fainali za kuogelea ziliwekwa asubuhi ya China ili Wamarekani watazame jioni kwao, kwa hiyo michujo ya jioni kule ikatukuta sisi mchana. Nilikuwa kwa kinyozi. Televisheni ilikuwa inapiga kelele tu, riadha haijaanza. Mara mtangazaji akataja Kenya: mita 100, mtindo wa kipepeo. Kinyozi akazima mashine, mteja kabaki na kichwa nusu. Dunford alipogeukia ukutani alikaa chini ya maji hadi nikadhani kazama (sheria inaruhusu mita 15, zaidi ya hapo unaondolewa), kisha akaibuka mikono yote miwili ikiruka pamoja, akagusa kwa sekunde 51.14. Maandishi yakatokea: rekodi ya Olimpiki. Aliyekuwa akiishikilia ni Mmarekani Michael Phelps, 51.25, tangu Athens 2004. Kinyozi akasema hao wa TV wamekosea bendera. Tukabishana mpaka mteja akalalamika kwamba ana mazishi ya kwenda.

Rekodi yenyewe haikumaliza mchujo. Phelps na Milorad Čavić wa Serbia walishuka chini ya sekunde 51 papo hapo. Kwenye fainali Phelps alimshinda Čavić kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, 50.58 kwa 50.59, na Dunford akawa wa tano kwa 51.47. Watu husema angerudia tu muda wake wa mchujo, angepata medali. Basi nimekaa na karatasi: shaba ilichukuliwa kwa 51.12, wa nne akapata 51.13. Hata kwa 51.14 angebaki wa tano!

Na mnaosema rekodi za mwaka ule zilikuwa za mavazi ya kasi, yaani suti zilizomsaidia mwogeleaji kuteleza majini, hapo nawapa nusu. Mavazi yale yalipigwa marufuku kuanzia Januari 2010. Oktoba mwaka huohuo, Delhi, Dunford akachukua dhahabu ya mita 50 kipepeo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, mbele ya Geoff Huegill wa Australia na Roland Schoeman wa Afrika Kusini. Hapo mtasingizia nini?

Hilo la pesa lakini siwezi kulipuuza. Bwawa la Kasarani, Nairobi, lipo tangu Michezo ya Afrika ya 1987, na ni watoto wangapi wa mitaa ya jirani waliofundishwa kuogelea humo? Ila hilo mwulizeni anayeshika funguo, si Dunford.

Sasa kura yangu. Nilianza nikitaka kuandika ndiyo kwa herufi kubwa. Kisha nikamkumbuka mwogeleaji Kirsty Coventry wa Zimbabwe, medali saba za Olimpiki, mbili za dhahabu, naye pia aliitwa mzungu. Nikiweka neno bingwa kwa wote wawili, la Coventry litapungua uzito. Kwa hiyo bingwa wa Madola, ndiyo. Bingwa wa Olimpiki, hapana, na andikeni hapana yangu mbali na za wale wanaosema si Mkenya.