Kazi ya kwanza ya ubunifu Unguja: anzieni kwa wachapaji

Wadogo zangu mnaomaliza ubunifu wa grafiki mwaka huu, iwe hapa Zanzibar au chuo cha bara, nina ombi moja kwenu. Kabla hamjatuma barua za maombi kwa kila hoteli ya Nungwi na Paje, nendeni kwa wachapaji. Pitieni maduka ya mjini, ya Darajani na Mlandege, pale watu wanapoingia na flashi mkononi wakitaka kadi, bango, stika au fulana, muombe nafasi hapo.

Najua hamkusoma miaka yote ili mkae kwenye chumba chenye kelele za mashine na harufu ya wino. Lakini tazameni kazi zinavyopatikana kisiwani hapa. Nafasi za Serikali hutangazwa kwenye mfumo wa ZanAjira, nazo zifuatilieni bila kuchoka. Mahoteli makubwa yenye matawi nchi nyingi huletewa kila kitu na makao yao makuu, mpaka rangi ya herufi. Hoteli ndogo, mgahawa wa familia, kampuni ya kutembeza wageni, hawana cheo kinachoitwa mbunifu. Anayepokea wageni ndiye huyo huyo anayeweka picha mtandaoni. Siku menyu zikichakaa, hakuna tangazo linalotoka. Meneja anakuja mjini, anamuuliza mchapaji, "Huna kijana wa kunitengenezea?" Kijana anayetajwa ni yule aliyeko pale.

Na pale mtajifunza mambo ambayo kioo cha kompyuta hakiwaambii. Chukueni rangi ya bahari yetu, ile buluu inayoingia kijani na kung'aa. Kwenye skrini inatokana na mwanga, kwa mfumo wa RGB. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa rangi nne, CMYK, na buluu ile haimo katika uwezo wa wino huo. Inatoka imefifia, na mteja anasema umemharibia kazi. Aliyekaa na wachapaji huigeuza rangi mwenyewe mapema, akatoa sampuli kwenye karatasi ile ile itakayotumika, akamuonyesha mteja, ndipo nyengine zikachapwa. Atajua pia kuacha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, kutumia picha za dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, na kuzigeuza fonti ziwe michoro ili zisibadilike faili likifunguliwa kwenye kompyuta nyengine. Hili la fonti ni zito kwetu, kwa sababu kazi nyingine hupelekwa kuchapwa Dar es Salaam. Kasoro ikionekana mzigo umeshashuka kwenye boti, na shughuli ni kesho kutwa.

Harusi nitazisema zaidi kidogo. Kadi zetu nyingi zina Kiarabu: Bismillahi juu, pengine na aya ya 21 ya Suratur Rum. Programu ambayo haikupangwa kwa Kiarabu huzitawanya herufi, kila moja ikasimama peke yake, na neno zima likapangika kutoka kushoto. Asiyesoma haoni tatizo, anaona pambo tu. Kadi ikifika nyumbani, mzee wa kwanza kuishika anaona maneno ya Mwenyezi Mungu yamevurugwa, na hapo hakuna punguzo la bei litakalowatuliza wenye harusi. Kwa hivyo fungueni mipangilio ya maandishi, washeni mfumo wa lugha za Mashariki ya Kati, kisha mpeni anayesoma vizuri, ustadhi wa madrasa ya mtaani anatosha, aipitie herufi kwa herufi kabla ya kuchapwa. Na mteja aulizwe mapema kama anaitaka aya yenyewe: zipo familia zisizotaka, kwa kuwa kadi hutupwa baada ya shughuli. Mimi ningemuajiri mtu kwa swali hilo tu.

Sasa mkusanyo wa kazi zenu, ule mtakaouonyesha mkiomba nafasi. Ninayoletewa karibu yote ina jahazi, mlango wa Mji Mkongwe na mnazi. Si vibaya, ila mwenye hoteli ameshaviona mpaka havioni tena. Muonyesheni kitu anachokishika kila siku. Chagueni mgahawa mnaoujua mtengeneze menyu yake upya: bei za shilingi zipangwe zisichanganyike, changu, kolekole, jodari na ngisi waandikwe kwa Kiswahili pamoja na lugha ya mgeni, herufi zisomeke kwa taa ndogo ya usiku ufukweni, karatasi ivumilie unyevunyevu na mikono yenye mafuta. Au bunini kanga kamili, pindo, mji na jina, na jina hilo mlitunge wenyewe. Kazi 5 au 6 za namna hiyo zinatosha, kila moja na mistari miwili ya kueleza kwa nini mliamua hivyo. Ziwekeni kwenye simu, lakini zichapisheni pia, maana mchapaji ataigusa karatasi kabla hajautazama mchoro.

Wakati nao muuchague. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, wageni hupungua na baadhi ya hoteli za pwani hufunga kwa matengenezo. Wenyewe wana nafasi ya kuwasikiliza, tena wanajitayarisha kwa msimu wa Juni. Mkienda Agosti hamtapata hata pa kukaa. Wachapaji nao huhitaji mikono ya ziada Shaabani, kabla ya Ramadhani, na Mfunguo Mosi, baada yake, harusi zinapojazana.

Mliopo Pemba, Chake Chake na Wete, maduka ni machache na kazi ni mchanganyiko: vyeti vya skuli, fulana za mashindano ya mpira, vibao vya maduka. Ukubalini mchanganyiko huo. Anayeziweza zote hatolewi kirahisi.

Kuhusu pesa, mwenye duka atawaambia mwanzo ni kujifunza. Muda wa majaribio ukubalini, ila utajwe na siku ya kwisha, na nauli na chakula vilipwe. Kwa wateja wenu binafsi, chukueni arbuni ya nusu kabla ya kugusa kazi. Mshoni anaichukua na seremala anaichukua, kwa hivyo hakuna wa kuona mmemkosea adabu. Mpelekeeni picha ndogo yenye alama juu yake, faili kamili alipate akishamaliza kulipa, na kwenye ujumbe andikeni atabadilisha mara ngapi. Mbili zinatosha, ya tatu ina bei yake. Hoteli zikianza kurudi zitataka risiti halali, basi nendeni BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, mkaandikishe jina la biashara, kisha ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar.

Jamaa nao watakuja, tena mapema kuliko wote. Hata akiwa binamu, muandikieni bei kamili, na chini yake punguzo mnalompa, ili jirani atakayeelekezwa naye asije akadai bei ya binamu.