Kabla Seremala Hajagusa Msumeno: Makabati ya Chumba cha Kufulia

Makabati yangu ya kwanza ya chumba cha kufulia yalidumu miezi minane, kisha nikayakata kwa mkono wangu. Yalikuwa mazuri: milango myeupe, kaunta moja ndefu iliyopita juu ya mashine, kila kitu kimefichwa. Na koki ya maji nayo ilikuwa imefichwa. Ilikuwa ukutani nyuma ya mashine, na mashine ilikuwa imebanwa katikati ya mbao mbili kiasi kwamba kidole hakipiti. Usiku mmoja nikaona ubao wa chini wa kabati la pembeni umetuna na rangi yake imepasuka. Nikaugusa, ukabonyea. Maji yalikuwa yakichuruzika huko nyuma kwa siku nisizojua idadi yake. Ilibidi nifunge maji ya nyumba nzima na kukata ubao wa pembeni ndipo mkono ukafika. Kilichokuwa kimechakaa ni washa ya mpira, pale mpira wa maji unapoungana na koki. Ukubwa wake kama kifungo cha koti.

Ndiyo maana mtu akiniambia anakarabati chumba cha kufulia na ananionyesha picha za milango aliyoipenda, namwomba tuanze na vitu visivyopendeza. Kwanza maji, umeme na hewa. Halafu nguo, zinaingiaje na zinatokaje. Milango ni ya mwisho kabisa, na ikifika zamu yake utakuta nusu ya uamuzi umeshajifanya wenyewe.

Koki zikae ndani ya kabati lililo jirani na mashine. Seremala atoboe tundu kwenye ubao wa pembeni, mipira ipite hapo. Ukifungua mlango unaziona na unazifunga kwa mkono mmoja, jambo ambalo mimi sasa nalifanya kila ninaposafiri. Soketi ipate nafasi yake upande mwingine, isiwe chini ya koki, na iwe mahali unapoweza kuchomoa plagi bila kuvuta mashine. Mashine inayopasha maji moto hutumia takriban wati 2000 inapopasha, kwa hiyo mwambie fundi umeme akuvutie waya wa peke yake wenye ati, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja. Waya wa kurefushia uliopitishwa nyuma ya makabati, mahali pasipoonekana na penye unyevu, ni hatari ambayo sitaki hata kuifikiria.

Bomba la maji machafu nalo lina urefu wake. Kwa mashine nyingi, mdomo wa bomba linalopokea mpira wa kutolea maji huwa kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Likiwa chini mno, maji hujivuta yenyewe na kutoka wakati mashine bado inayahitaji. Kijitabu cha mashine yako kina kipimo kamili; kisome kabla fundi bomba hajaondoka, maana kurudi kuvunja ukuta uliokwisha kupigwa vigae ni kazi mara mbili.

Kuna kitu kingine ambacho maseremala wengi hukifunika kwa nia njema: chujio. Mashine za mlango wa mbele huwa na kifuniko kidogo chini, karibu na sakafu. Humo hunaswa sarafu, vifungo na vibanio vya nywele, na ukikifungua maji humwagika. Ubao mrefu wa kupamba miguu ya makabati ukipita mbele ya mashine, umelifunga chujio. Ubao huo uishie ubavuni mwa mashine, au uwe wa kubandua kwa mkono.

Kabla ukuta haujapigwa plasta, piga picha ya kila ukuta huku tepu ya kupimia imenyooshwa kutoka kwenye kona. Dakika kumi tu. Seremala atakapokuja kutoboa matundu ya kuning'iniza makabati ya juu, utajua bomba limepita wapi na waya umepita wapi, na drili haitakutana nao.

Sasa vipimo. Mashine nyingi zina upana wa sentimita 60 na kimo cha 85, ila kina hutofautiana sana, kwa hiyo pima yako na usipime ya jirani. Acha sentimita 2 kila upande, maana wakati wa kukamua mashine hutikisika, na mtikisiko huo ukipata ubao wa kusukuma utaulegeza msumari kwa msumari. Nyuma acha 10 hivi kwa ajili ya mipira, isije ikajikunja. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanajenga kaunta yenye kina cha 60, mashine inasimama mbele zaidi na kujitokeza kama mtu aliyekosa nafasi kwenye benchi. Kaunta ya sentimita 65 au 70 huimeza vizuri. Kimo chake kikiwa kama 90, mashine inapita chini na mgongo wako hauinami sana wakati wa kukunja nguo.

Pima baada ya vigae, si kabla. Nafasi yangu ya mashine ilikuwa na sentimita 62 na nusu za ukuta mtupu. Vigae na gundi yake vilikula sentimita moja na nusu kila upande. Zikabaki 59 na nusu, na nilikuwa nimesimama pale na mashine ya 60. Seremala akaniambia, "Tungesubiri fundi wa vigae amalize." Alikuwa na haki. Pima pia juu, katikati na chini, kwa sababu kuta zinazoonekana zimenyooka hupishana, na kinachohesabika ni kile kipimo kidogo kuliko vyote.

Kama mashine yako hufunguliwa kwa juu, usiiwekee kaunta, na kabati la juu yake lianze pale mfuniko unapofika ukiwa umeinuliwa wote. Simama uuinue, upime. Nimeona nyumba ambamo mfuniko unagonga rafu, na mwenye nyumba hutumbukiza nguo moja moja kupitia mwanya.

Mashine ya kukaushia nayo haipendi kufungiwa. Inataka hewa, na nyuzinyuzi inazokusanya hushika moto kwa urahisi, hivyo chujio lake lisafishwe kila mara na milango iliyo mbele yake ibaki wazi inapofanya kazi. Ukiipandisha juu ya ya kufulia, tumia fremu ya kuunganishia iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Halafu angalia tangi la maji lipo wapi. Kwenye nyingi zinazokusanya maji, tangi lipo juu kabisa, na mashine mbili zikipandana hufika kama sentimita 170. Mwenye kimo kifupi atalivuta tangi lililojaa juu ya uso wake. Kwangu tuliziweka ubavu kwa ubavu kwa sababu hiyo moja tu.

Nguo, sasa. Hapa ndipo ningekuomba utulie, uchukue wiki nzima ukijiangalia unavyofua. Nguo chafu huingia kutoka wapi, unazitenga wapi, unamwaga sabuni kwa mkono upi, zilizokauka unazitua wapi? Mimi niligundua kwamba nilikuwa natengea nguo sakafuni, siku zote, ingawa nilikuwa na makabati mita tatu. Hayakuwa na mahali pa nguo chafu. Yalikuwa rafu tu, zilizojaa vitu ambavyo havihusiani na kufua.

Mara ya pili nilianza na matenga. Niliyanunua kwanza, matatu, la nguo nyeupe, la rangi, la mataulo na shuka, nikampelekea seremala ayapime, akajenga nafasi kuyazunguka. Yanatoka kwenye reli kama droo. Mbele kuna mbao nyembamba zilizopishana ili hewa ipite, kwa sababu taulo bichi likifungiwa pasipo na hewa, siku ya pili linanuka, na madoa meusi ya kuvu hayatoki tena. Matenga yako karibu na mlango wa chumba, mashine inafuata, kaunta ya kukunjia juu yake, kisha fimbo ya kutundikia. Nguo inakwenda upande mmoja bila kurudi nyuma.

Fimbo hiyo usiisahau. Shati kwenye hanga linahitaji kama mita moja kwenda chini, gauni refu mita moja na nusu, na hanga lenyewe linahitaji kina cha karibu sentimita 55 lisikwaruze mlango. Mashati yakitolewa yangali na unyevu na kutundikwa hapohapo, mengine hayahitaji pasi kabisa. Kwangu kuna trei ya bati chini yake ya kupokea matone.

Meza ya kupigia pasi, ufagio na ndoo vinataka kabati moja refu na jembamba. Sentimita 20 za upana zinatosha kwa meza iliyokunjwa. Kwa ndoo na fagio ongeza. Weka soketi humo kwa ajili ya pasi, na rafu yake iwe ya chuma au kigae, maana pasi hurudishwa kabatini ikiwa bado ya moto, hata kwa mtu mwangalifu.

Makabati ya juu yawe na kina cha 30 hadi 35 tu. Yakizidi hapo, vya nyuma husahaulika na kichwa hugonga pembe. Sabuni nzito, yale madumu na mifuko mikubwa, ikae kati ya kiuno na bega. Kifuko cha kilo tano juu ya kichwa si mahali pake.

Dawa za kufulia na kusafishia ndizo pekee ninazozipandisha juu na kuzifungia kwa kufuli, hasa nyumba ikiwa na watoto. Zile sabuni za vidonge laini vya rangi rangi zinafanana na peremende, na mtoto haelezwi akaelewa. Jiki iwe peke yake, mbali na siki na dawa za choo zenye asidi: zikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na chumba cha kufulia huwa kidogo, dirisha lenyewe dogo. Ikichanganyika na dawa zenye amonia hutoa gesi nyingine yenye sumu pia. Mimi nimezitenga kwenye makabati mawili tofauti, si rafu mbili, kwa sababu chupa huvuja na rafu ya juu hudondokea ya chini.

Kuhusu mbao, usikubali chipubodi wala MDF ya kawaida (mbao za chembe na nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) chini ya kaunta. Zikinywa maji huvimba na hazirudi. Plaiwudi inayostahimili maji ni ghali zaidi, na hapo ndipo ningeweka fedha, nikipunguza kwenye vishikio na urembo. Omba kingo zote zifungwe, hata zile za chini na za nyuma zisizoonekana, na kila tundu la bomba lipakwe varnishi ndani kabla bomba halijapita. Makabati yasimame juu ya miguu ya plastiki ya sentimita 10 au 15, ili maji yakimwagika yapite chini na uyaone. Bawaba ziwe zisizoshika kutu.

Ukishakuwa na mchoro, uchore sakafuni kwa utepe wa karatasi, na masanduku yasimame badala ya makabati. Fungua milango ya kufikirika. Chuchumaa mbele ya mashine ukiwa na tenga mkononi. Unahitaji karibu mita moja nyuma yako. Mlango wa chumba ukikugonga mgongoni, ugeuze ufungukie nje sasa, kabla rangi haijapakwa. Na mlango wa mashine ubaki wazi baada ya kufua ili mpira wake ukauke. Hakikisha hakuna droo iliyo jirani ambayo haitafunguka wakati huo.

Kwangu, ndani ya mlango wa kabati la koki, nimebandika picha za kuta zilipokuwa wazi pamoja na karatasi ya vipimo vyote. Chini yake inaning'inia mfuko mdogo wa nailoni. Una washa nne mpya za mpira, na zile bolti ndefu zilizokuwa zimefunga pipa la mashine ilipoletwa, ambazo zitahitajika siku tutakapohama.