Fuata maji kabla ya kushika kikokotoo

Nilipokuwa najiandaa kwa mtihani wa leseni ya uhandisi wa Marekani, nimejifungia chumbani Sinza, maswali ya saikrometri (hesabu za hewa na mvuke uliomo ndani yake) yalinitoa jasho kuliko joto la Februari. Fomula nilizijua. Ila nikiona halijoto mbili tu, mkono unakimbilia kikokotoo. Ubaya wa maswali ya kuchagua ni kwamba jibu la haraka nalo huwa limewekwa pale, linakusubiri.

Kilichonizindua ni ndoo. Kiyoyozi cha jirani kilikuwa kinadondosha maji, na kila jioni ndoo imejaa. Kila lita ya maji hayo, mvuke ulipogeuka kuwa maji, iliachia koili (mabomba baridi ya kiyoyozi) joto la takribani kJ 2,450, na kipimajoto hakisemi lolote kuhusu joto hilo.

Chukua hewa yetu ya Dar: nyuzi 32, unyevu asilimia 70. Ifikishe nyuzi 24, asilimia 50. Enthalpi, yaani jumla ya joto lililobebwa na hewa pamoja na mvuke wake, inashuka kutoka kama kJ 86 hadi 48 kwa kila kilo ya hewa kavu, tofauti ya kJ 38. Ukihesabu halijoto peke yake unapata kama 8. Zaidi ya robo tatu ya joto la kuondolewa umeisahau ndani ya ndoo!

Kwa hiyo chora kwanza safari ya hewa kwenye chati ya saikrometri, halijoto chini na unyevu kando, hata kama mchoro ni mbaya (wangu ulifanana na kiatu). Kwenye kila nukta andika halijoto, uwiano wa unyevu (uzito wa mvuke kwa kila kilo ya hewa kavu) na enthalpi. Mstari ukilala mlalo, uwiano wa unyevu haujabadilika. Hapo tumia 1.08 bila wasiwasi: izidishe kwa futi za ujazo za hewa kwa dakika na tofauti ya halijoto kwa Fahrenheit, upate BTU (kipimo cha joto cha Kimarekani) kwa saa. Ukishuka, nenda kwenye enthalpi na 4.5, inayozidishwa kwa hewa hiyohiyo na tofauti ya enthalpi kwa BTU kwa kila ratili.

Vipimo vya Kimarekani visikutishe. Kariakoo AC zinauzwa kwa BTU, na tani moja ni BTU 12,000 kwa saa. Kinachotukamata sisi watu wa pwani ni kwamba 1.08 na 4.5 ni namba za usawa wa bahari. Swali likitaja Denver, mita kama 1,600 juu, hewa ni nyepesi na namba hizo hazifai. Mimi nililisoma jina la mji kama pambo.

Na hewa mbili zikichanganyika, usitafute wastani wa asilimia za unyevu. Changanya uwiano wa unyevu na enthalpi kwa uzito wa hewa kavu, kisha asilimia uisome kwenye chati.