Yaya, rezo inapanda mlima namna gani?

*Barua ya kwanza*

Yaya jambo. Nilikuwa naishi Bukavu, Ibanda, kazi yangu ni kutafsiri na kuandika sauti za mikutano kwa watu wa Nairobi na wa Ulaya, yote inapita ku intaneti. Tangu mzee wetu aanze kugonjwa nimepanda kwetu Kabare, juu kabisa, kule mashamba ya chai inaishia. Nyumba iko chini kidogo ku kabonde na nyuma yake mikalitusi mingi. Ndani ya nyumba simu inaonyesha kijiti kimoja, kiisha inaandika H, kiisha hakuna kitu. Nikipanda ku kilima ya kanisa, kama mita 400 hivi, napata 4G safi kabisa, lakini siwezi kufanya mkutano wa masaa mbili na laptop juu ya jiwe na mvua ikinitazama. Umeme hatuna, tuko na pano ndogo ya jua ya taa na ya kucharji simu. Mtu mmoja ananiambia ninunue sahani ya Starlink, ile intaneti ya satelaiti, mwingine anasema eti ni marufuku, na kuko kijana mmoja anataka kuniuzia busta ya dola 40, eti inaongeza rezo. Nisaidie, juu wateja wangu wanaanza kuchoka na mimi. — Dada wa Kabare

*Yaya anajibu*

Mdogo yangu, tuanze na busta ili tuimalize: usinunue. Mimi mwenyewe nililipa moja, kasanduku keusi unachomeka ku simu, taa ya kijani iliwaka vizuri sana na rezo ikabaki palepale. Kitu chenye kimewekwa ndani ya nyumba pasipo mawimbi hakiwezi kuzaa mawimbi. Kuko mashine za kweli za kuongeza rezo, lakini zile ziko na antena ya inje yenye inakamata kwanza, zinaombewa ruhusa, na zikiwekwa vibaya zinavuruga mnara kwa kila mtu wa kilima nzima. Haiko ile ya yule kijana.

Sasa, dawa umeiandika wewe mwenyewe na hukuiona: kilima ya kanisa. Mawimbi ya simu yanasafiri karibu kama mwangaza wa tochi, mnara ukiuona, uko mzuri, kilima ikiingia katikati unabaki gizani. Kwa hiyo shida yako haiko kampuni na haiko forfe (zile mega unanunua), ni udongo na mikalitusi, na udongo haubembelezwe na mega mingi. Watu wengi huku mlimani wanabadilisha SIM mara nne, wanajaza kredi, wanalaani kampuni, na kumbe nyumba iko tu ku shimo.

Mbele ya kununua chochote fanya kazi ya bure. Omba SIM ya kila kampuni kwa majirani, Vodacom, Airtel, Orange, kiisha tembea nazo: mlangoni, nyuma ya nyumba, juu ya paa (mtu mwepesi apande, siyo mzee), ku kilima. Usitazame vijiti, vijiti vinadanganya. Ku simu nyingi za Android ukipiga *#*#4636#*#* inafunguka ukurasa wenye namba za rezo, tafuta yenye inaandikwa dBm. Ile namba iko na alama ya kutoa mbele, na kadiri inakaribia sifuri ndiyo nzuri: kama ni -85 unaweza kucheka, ikiwa -100 unavumilia, -115 ni kulia. Andika ku kikaratasi. Rudia saa kumi na moja asubuhi na saa mbili usiku, juu usiku kila mtu wa bonde yuko ku mnara ule ule anatazama video, na 4G yenye inaruka asubuhi inatambaa usiku. Ile ya kupima spidi usiipende sana, kila pimo inakula mega zako.

Na jua unahitaji nini. Mkutano wa video hautaki maajabu, megabiti 2 au 3 kwa sekunde kushuka na hivyo hivyo kupanda inatosha, na watu wanasahau ile ya kupanda kumbe ndiyo inakata sauti yako. Lakini saa moja ya video ya watu wengi inaweza kupita giga 1, na ya sauti tupu ni mega makumi machache tu. Kazi yako ni masikio, zima kamera, waambie wateja uko mlimani, hakuna mtu atakufa.

Kama juu ya paa namba imekuwa nzuri, hata kidogo kuliko ndani, nunua rauta ya SIM yenye iko na matundu mawili ya antena ya inje, weka antena ku nguzo ndefu ya bomba, uigeuze pole pole kutazama upande wa mnara, mmoja anageuza, mwingine anasoma namba. Hii ndiyo njia ya bei chini na mara nyingi inamaliza mambo. Waya wa antena uwe mfupi, kila mita inakula mawimbi, ni bora rauta ikae juu karibu na antena ndani ya kasanduku kasikoingia mvua, kiisha ushushe waya wa netiwaki, ule unakubali mpaka mita 100.

Kama juu ya paa hakuna kitu, basi tunapanda kanisani. Omba baba pasta akubali uweke rauta pale ku mnara wa kengele au ku nguzo, kiisha unanunua redio mbili za Wai-Fai za 5 GHz, zile nyeupe za Ubiquiti au MikroTik, moja inakaa kanisani inatazama kwako, ya pili kwako inatazama kanisani. Mita 400 kwao ni mchezo, zinapita kilometa 10 zikionana vizuri. Zikionana, nasema! Mukalitusi mmoja wenye majani mabichi ya mvua unaweza kukuharibia siku nzima, kwa hiyo panga kukata matawi au kuinua nguzo, na ujue kalitusi inakua haraka, mwaka ujao utakata tena. Faida ni kwamba kanisa nayo inapata intaneti, na ndiyo utakachomwambia pasta. Pale ku kisiwa cha Idjwi walijenga rezo yao ya jamii, Pamoja Net, kwa wazo la namna hii, redio zinarushiana mawimbi. Lakini chunga, kuchangia na pasta ni kitu kimoja, ukianza kuuzia kijiji nzima siku na masaa hapo umekuwa mfanyabiashara na ARPTC, ofisi ya serikali yenye inasimamia mambo ya simu na intaneti hapa Kongo, iko na haki ya kukuuliza karatasi.

Starlink sasa. Yule wa marufuku hakudanganya, ila habari yake imechacha: mwezi wa tatu 2024 ARPTC ilitangaza kama Starlink hairuhusiwe hapa Kongo, kiisha 2025 ARPTC ile ile ikaipa leseni. Seti ya sahani yenye ilisajiliwa inchi ingine na kuvuka mpaka ndani ya gunia la vitenge ni jambo lingine, inaweza kuwaka leo na kukatwa kesho, na hutakuwa na mtu wa kulilia. Tazama kwanza ku ramani ya kampuni kama kwenu inakubali, na tena huku kwetu mambo ya mipaka inabadilika kila wiki, uliza wenye walipitisha majuzi, siyo wa mwaka jana.

Uzuri wake ni huu. Satelaiti za zamani, zile za sahani kubwa ku ofisi za mashirika, zinasimama kilometa karibu 36.000 juu, sauti inapanda, inashuka, jibu linapanda tena, unangoja zaidi ya nusu sekunde na mnazungumza mkikanyagana. Za Starlink zinapita chini, kama kilometa 550, husikii tena ile kungoja. Lakini zinatembea, kwa hiyo sahani inataka kuona mbingu pana, siyo tundu kati ya miti. Wewe uko ku bonde na kalitusi nyuma, programu yao ya simu iko na kamera ya kupima vizuizi, pima nayo kabla ya kulipa. Na mvua kubwa ya Kivu, ile ya saa nane mchana, inaweza kuizima dakika kadhaa.

Nikiwa wewe? Redio mbili za kanisani kwanza. Sahani baadaye kama kazi inalipa.

Sasa ile yenye hukuuliza na ndiyo itakutesa. Umeme. Ile pano yako ya taa haitaweza. Rauta na redio mbili pamoja zinakunywa kitu kama wati 20 hivi, masaa kumi ni wati-saa 200. Starlink ile ndogo, Mini, ni wati 25 mpaka 40, ile kubwa 75 mpaka 100. Batri ya 12 V na Ah 100 inaandikwa wati-saa 1.200, lakini kama ni ya asidi tumia nusu tu, ukiikausha kila siku utainunua tena haraka. Na pano, nunua kubwa kuliko hesabu, juu huku kwetu ukungu unakaa mpaka saa nne na wenye wanauza wanahesabu jua la Uvira. Usipitishe kwa inveta (ile ya kugeuza umeme wa batri kuwa ule wa ukutani) kama unaweza, inveta inakula bure. Ile Mini inakubali umeme wa batri moja kwa moja (DC), volti 12 mpaka 48, ila batri ikishuka chini ya 12 inaanza kuzima na kuwaka, weka kale kakifaa ka kupandisha volti.

Na radi, mdogo yangu. Unajua wewe unaishi wapi? Mwaka 2016 watu wa sayansi walitoa hesabu ya miaka 16 ya satelaiti yenye inahesabu radi, mahali pa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo kule Venezuela, na mahali pa pili, pa kwanza Afrika nzima, wakapaandika jina Kabare. Mara 205 kwa kila kilometa moja ya mraba kwa mwaka. Sisi tunaona ni kawaida, mama anageuza kioo, anafunika sufuria, basi, lakini wewe unataka kusimamisha bomba la chuma ku kilima na kuunganisha waya mpaka ku laptop yako. Rauta yangu ya kwanza iliungua hivyo, haikupigwa hata na radi yenyewe, ilipiga muti wa jirani na ikatosha. Kwa hiyo: bomba lifungwe waya mnene wa shaba mpaka ku fimbo ya chuma yenye imepigwa udongoni, parafudri (kale kakifaa ka kuzuia umeme wa radi) ku waya wa netiwaki pande zote mbili, ya juu na ya chini, na zote zifungwe ku udongo ule ule. Parafudri bila waya wa udongo ni pambo. Na hata hivyo ukisikia ngurumo chomoa, waya wa netiwaki na wa umeme, zote, hata mkutano ukiwa katikati, sema tu "radi" na utoke.

*Barua ya pili*

Yaya, mimi niko Nguba, mega zangu zinaisha mbio na mara nyingi simu inanikaribisha Rwanda. Niko ku kitanda changu! — Kijana wa Nguba

*Yaya anajibu*

Mnara wa ng'ambo ya Ruzizi uko karibu na wewe kuliko wa kwetu, simu haijui mpaka. Ingia ku mipangilio, zima romingi ya data (kutumia intaneti ya rezo ya inchi ingine), kiisha ku kuchagua rezo toa "otomatiki" na uchague ya kampuni yako kwa mkono. Ukisafiri rudisha otomatiki, usikuje kuniandikia tena kutoka Goma eti simu imekufa.

*Barua ya tatu*

Bwana Yaya, mimi ni mwalimu Burhinyi. Kwetu hakuna 4G, hakuna 3G, hakuna kitu, na pesa ya sahani haiko. Watoto wafanye nini? — Mwalimu

*Yaya anajibu*

Mwalimu, leta intaneti ku mfuko. Kuko programu ya bure inaitwa Kiwix, inafungua Wikipedia nzima bila rezo, ya Kifaransa na picha zake inaingia ku kadi ya giga 64, ya Kiswahili ni ndogo zaidi. Kadi uiformati exFAT, juu ile ya kawaida ya FAT32 inakataa faili yenye inapita giga 4, na utapoteza usiku nzima ukishusha bure. Ukishuka Bukavu tafuta mtu mwenye koneksio nzuri, shusha usiku, kuja na chaja yako na soda mbili, moja yako, ya pili ya kumpa mwenye nyumba.