Mnauliza, Anko Anajibu: Kobe Ninja wa utotoni wamerudi, sasa tudai nini?

Toleo lililopita niliandika mistari michache tu kuhusu Mutant Mayhem, ile filamu ya vikaragosi ya 2023 iliyowarudisha Ninja Turtles, wale kobe wanne ndugu wanaopigana kininja, Leonardo, Raphael, Donatello na Michelangelo, nikagusia kwamba sehemu ya pili ilishatangazwa hata kabla ya ya kwanza kuingia kumbi za sinema. Jamani barua zilizokuja! Sikujua kama tupo wengi hivi. Nimechagua tano, zilizobaki nyingi zinafanana na hizi.

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi nimekulia Tanga, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mtaani kwetu nyumba yenye deki ilikuwa moja tu, tunajaa sebuleni mpaka mlangoni, kanda ya Turtles imechezwa mpaka picha inaruka. Juzi nikamwekea mwanangu hiyo mpya, kusema ukweli nimeumia. Sura zimepinda, mistari imechorwa ovyo kama daftari la mtoto wa sekondari anayechora huku mwalimu yuko ubaoni. Kwa nini wasirudishe ile yenyewe? (Baba Kobe, Tanga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapo kwenye daftari la mtoto wa sekondari umepatia kabisa, maana mwongozaji Jeff Rowe na wachoraji wake ndicho walichokitaka, ionekane kama imechorwa na kijana anayependa mno anachokichora ila mkono bado haujakomaa. Kwa hiyo sio kwamba walishindwa kunyoosha mistari. Inaweza isikupendeze na sikulazimishi, macho ni yako.

Ila na mimi nikuulize, ile yenyewe ni ipi? Maana ile tuliyoiona kwenye kanda ni katuni ya TV iliyoanza 1987, na hiyo nayo ilikuwa imeshabadilisha mambo kibao. Kobe hawa walizaliwa kwenye kitabu cha katuni cha 1984, vijana wawili wa Marekani, Kevin Eastman na Peter Laird, walikuwa wanaishi Dover kule New Hampshire, hela hawana, wakakopa kwa ndugu yake Eastman wakachanganya na hela ya kodi ya mapato waliyorudishiwa, wakachapa nakala 3,000 tu, kurasa nyeusi na nyeupe. Ukikisoma kile kitabu utashtuka. Shredder, yule adui wao mkubwa, anakufa toleo la kwanza kabisa! Damu ipo, utani ni wa kuhesabu, na walipokuja kupakwa rangi kwenye majalada ya mwanzo wote wanne wamefunga kitambaa chekundu, ukitaka kumjua nani ni nani unaangalia silaha aliyoshika. Bluu ya Leonardo, zambarau ya Donatello na chungwa ya Michelangelo vilikuja na katuni na midoli, ili mtoto aweze kuwatofautisha. Maadui kama Krang tunavyomjua, Bebop, Rocksteady, wote hao ni wa katuni ya 1987, kitabuni hawakuwemo.

Sasa mimi nilipoona ile mistari iliyopinda nilikumbuka moja kwa moja wino mzito wa 1984, vile vivuli vya kukwaruzwa kwa kalamu, kazi ya watu wawili wanaochora usiku wakicheka wenyewe. Kwa macho yangu hii mpya iko karibu na chimbuko kuliko hata ile kanda tuliyoichakaza. Jaribu kuiangalia tena kaka, safari hii kaa nayo mpaka dakika ya ishirini ndo uamue.

SWALI: Anko za kazi? Shangazi yetu alikuwa anatuletea midoli ya Turtles kutoka Uingereza, kwenye boksi imeandikwa Hero Turtles. Binamu zangu mpaka leo wananiambia zilikuwa feki. Zilikuwa feki kweli? (Bi Mdogo, Zanzibar)

JIBU: Hazikuwa feki hata kidogo, waambie. Uingereza miaka ile neno ninja lilionekana linahamasisha vurugu kwa watoto, kwa hiyo katuni ikaitwa Teenage Mutant Hero Turtles na bidhaa zake zikafuata jina hilo. Hata nunchaku za Michelangelo, zile fimbo mbili zilizounganishwa kwa mnyororo, walikuwa wanazikata kwenye picha. Kama hayo maboksi bado unayo, yatunze vizuri.

Halafu kwa wale watatu mlioniuliza kama tuwaite kobe au kasa: kasa ni wa baharini, ana mapezi ya kuogelea, hawa wana miguu na vidole na wametokea kwenye maji baridi. Tuendelee na kobe.

SWALI: Anko naomba uniambie ukweli bila kunizunguka. April ninayemjua mimi, yule rafiki binadamu wa Turtles, ni mtangazaji wa TV, nywele nyekundu, ovaroli ya njano. Huyu wa sasa ni binti mweusi wa shule. Sina tatizo na rangi ya mtu ila mbona wanatubadilishia kumbukumbu zetu? (Shabiki wa Zamani, Nakuru)

JIBU: Nakuelewa, ile ovaroli hata mimi nikifumba macho naiona. Ila April wa kitabuni hakuwa mtangazaji, alikuwa mtaalamu wa programu za kompyuta, msaidizi wa mwanasayansi anayeitwa Baxter Stockman. Na huyo Baxter kitabuni ni mtu mweusi, katuni ya 1987 ikamfanya mzungu, tukakua naye hivyo hivyo bila kujua kama kuna kilichobadilishwa. Kwa hiyo kumbukumbu zetu zenyewe zilishapitia mikononi mwa mtu kabla hazijatufikia.

Swali ninalolipenda zaidi ni je, huyu April mpya ana kazi gani kwenye hadithi? Na hapo mimi naona wamefanya vizuri sana. Ni binti anayetaka kuwa mwandishi wa habari, akawekwa mbele ya kamera ya shule akatapika, shule nzima ikamcheka, tangu hapo anabeba hiyo aibu kila akipita koridoni. Sasa mkutanishe na vijana wanne wanaojificha kwenye mitaro ya maji machafu kwa sababu wameambiwa binadamu watawachukia, unaona? Wanaelewana bila maelezo marefu. April wa ovaroli nilimpenda sana lakini mara nyingi kazi yake ilikuwa kutekwa halafu aokolewe. Huyu ana shida yake mwenyewe, na sauti ya Ayo Edebiri inaibeba vizuri, kuna kusitasita fulani hivi kwenye kuongea kwake ambako binti yeyote wa umri ule atakutambua.

SWALI: Salaam Anko kutoka Muscat. Kwangu mimi filamu bora ya vikaragosi ya hawa jamaa ni TMNT ya 2007. Lile pambano la Leonardo na Raphael juu ya paa mvua inanyesha, nililiona nikiwa kidato cha pili na sijalisahau. Hii ya 2023 utani umezidi, kila baada ya sekunde kumi mtu anachekesha. Hiyo sehemu ya pili inayokuja nitegemee nini? Au na mimi nimeshazeeka? (Raph Damu, Muscat)

JIBU: Waalaykum salaam ndugu yangu, hujazeeka, na barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu umegusa penyewe.

Lile paa. Kwa ambao hawajaona, Leonardo ametoka safari ndefu ya mafunzo Amerika ya Kati, nyumbani familia imelegea, Raphael usiku anazunguka peke yake amevaa kofia ya chuma anapiga wahalifu, ndugu zake hawajui ni yeye. Wanakutana, wanapigana, kofia inatoka. Halafu sasa ndo wanapigana kweli, yale waliyoyameza miaka yote yanatoka mle, na Raph anazivunja panga za kaka yake, anamlaza chini, kisha anaona alichotaka kukifanya anakimbia. Filamu yenyewe ilikuwa na mapungufu, wale majenerali wa mawe simkumbuki hata mmoja kwa jina, lakini Kevin Munroe na wale wachoraji wa studio ya Imagi ya Hong Kong dakika zile chache walizifanya kwa moyo. Mimi nina kaka. Yeyote mwenye kaka analijua lile paa.

Kuhusu utani, nakubaliana na wewe nusu. Kuna vichekesho vya simu na vya mastaa wa sasa ambavyo miaka kumi ijayo mtoto atauliza huyu ni nani. Ila sikiliza vizuri namna wanavyoongea. Wale wanne wameigizwa sauti na vijana wenyewe, Nicolas Cantu, Brady Noon, Micah Abbey na Shamon Brown Jr., na walirekodiwa pamoja chumba kimoja, wakati kawaida ya filamu hizi kila mwigizaji anaingia peke yake anasoma mistari yake anaondoka. Ndo maana wanakatana kauli, mmoja hajamaliza mwingine ameshadakia, watatu wanamcheka wa nne. Kelele ile ni ya nyumba yenye watoto wa kiume wengi, mama zetu wanaijua. Katuni ya 1987 iliniambia ni ndugu, hii nimewasikia.

Na kuna kitu kingine kilinigusa, Splinter wa safari hii, yule panya baba yao, sauti ya Jackie Chan, hajafundishwa na mwalimu yeyote Japani, amejifunza kupigana kwa kuangalia video halafu akawafundisha wanawe. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, tukatoka pale tunarusha mateke mpaka nyumbani, tunamjua mwalimu wa aina hiyo.

Kwa hiyo sehemu ya pili mimi nategemea kitu kimoja tu, waachwe wagombane. Ile ya kwanza walikuwa upande mmoja karibu muda wote, adui ni Superfly, wanachokitaka wote ni kimoja, kukubaliwa na binadamu. Sasa wamekubaliwa, wako shule, na mwishoni kabisa tumedokezwa kwamba Shredder anakuja. Hapo ndo Leo ataanza kuwaambia ndugu zake cha kufanya na Raph atakataa. Jeff Rowe akilikwepa hilo kwa kichekesho nitaandika hapa hapa kwamba nimesikitika, akilikabili hata kwa dakika tano tu atakuwa ametulipa wewe na mimi.

SWALI: Anko, mume wangu anataka mtoto wetu wa miaka sita aanze na hiyo mpya, mimi naona bado mdogo. Aanze na ipi? (Mama Wawili, Mombasa)

JIBU: Niko upande wako mama. Mutant Mayhem mwishoni adui anakuwa jitu kubwa limeungana na wanyama wa baharini na vitu vingine, linatisha, ngoja afike miaka tisa hivi. Ya mwaka 1990 ya watu waliovaa mavazi ya kobe nayo ina giza giza. Mwanzishie msimu wa kwanza wa katuni ya 1987, ni vipindi vitano tu vinavyofuatana, mtamaliza wikiendi moja, na mwambie baba akae naye pale kwenye kochi sio ampe simu aangalie peke yake, maana atakuwa na maswali mengi, la kwanza litakuwa kwa nini panya ndo baba yao.